Namba Mbili za Sukari

Mnunuzi wa zabibu huja Mpunguzi na kijidude cha kioo.
Hukamua punje moja, tone likadondoka,
akakielekeza juani, akafumba jicho.
"Ishirini na moja, mama. Zimekubali."
Nami moyoni hupiga kigelegele,
maana ishirini na moja ni bati,
ni karo ya Mbeleje,
ni deni la dawa ya ukungu kwa Malogo.

Mwezi wa saba, zahanati, nesi naye akakamua punje:
kidole changu cha pete.
"Sita nukta tano. Na hujala kitu?"
Sijala.
Huyu hakufumba jicho. Aliandika.
"Bado si kisukari, mama, ila umeshapiga hodi."
Nikamwambia: basi asinikaribishe mtu.

Kuna damu iliyonihama.
Miaka thelathini na sita ilinijia bila mwaliko,
shambani, kanisani, kwenye matanga ya baba;
nikaifua usiku, nikaianika chini ya kanga.
Ilipokoma sikuiaga.
Nilisema, sasa nimepumzika.
Kumbe iliondoka na mlinzi wake.
Nesi anasema kulikuwa na kitu mwilini
kilichokuwa kikiishika sukari mkono, kikiionyesha njia,
nacho kimestaafu,
na nyama ya nyongani imehamia tumboni
kama serikali ilivyohamia Dodoma:
kwanza maneno, maneno,
kisha unashtuka kila kiwanja kimejengwa.

Usiku upepo wa Julai unapiga madirisha,
mume wangu amejikunja katika blanketi mbili,
mimi nimekaa kizingitini nawaka,
natafuta baridi kama anayetafuta mbuzi.

Mama yangu hakupimwa na mashine.
Alipimwa na sisimizi,
waliojipanga pale alipojisaidia nyuma ya tembe.
Tulicheka. Tulisema, mama mtamu huyu.
Kidole cha mguu kikabaki Mvumi,
kisha mguu,
kisha mama.

Kwa hiyo tuko saba, hisa zetu ni za Jumamosi.
Fedha ya masufuria ya kukodisha tulinunulia mashine.
Mashine ni ya wote; sindano kila mtu yake,
hapo hatuchangii.
Tunakuja na njaa, kabla sanduku halijafunguliwa,
vidole mbele kama watoto wanaokaguliwa kucha.
Nghambi aliapa hajaonja kitu.
Mashine ikasema chai, tena vijiko vitatu.
Mashine haina undugu.
Yunge, katibu, anaandika safu mbili, hisa na sukari;
hii tunaiombea ipande, ile ishuke.
Wiki moja alikosea safu,
nikawa nimekopeshwa sukari, na riba juu.

Nimepunguza ugali, nimeongeza mlenda.
Chai naimeza kavu kama hotuba.
Shambani naenda kwa miguu, asubuhi na jioni,
Chilongani na bodaboda yake amenuna,
ananipita akipiga honi, nami nampungia jembe.
Kuna siku nashindwa. Ilikuwa harusi, kulikuwa na soda,
sitaki kulizungumzia.

Damu ile ya zamani ilikuja nyingi bila kuulizwa.
Hii naiita mwenyewe, tone moja,
naiminya, inasitasita kama mkwe mlangoni.
Njoo, naiambia. Sema ukweli wako.

Leo imesema sita nukta moja.
Yunge ameandika. Hakuna aliyepiga makofi,
Nghambi amenigusa bega tu, akafungua sanduku.

Nikapitia mizabibuni nikienda nyumbani.
Zimeanza kugeuka rangi,
wiki nne hivi mnunuzi atakuja na kioo chake.
Nikachuma punje ya upande wa jua.
Nikaila. Moja.
Mbegu nikaitema mbali.